Paswadi ya Vipande Vitatu

Kioo chako kitakudanganya. Nawaambia hili kwanza, nyinyi mnaoanza kazi ya kutengeneza tovuti, kwa sababu mengine mtajifunza wenyewe. Ukurasa ukipendeza kwenye kompyuta yako, usifurahi. Vaa viatu, toka, tafuta kompyuta ya mtu asiyekujua, uufungue huko. Hapo ndipo utajua umetengeneza nini.

Aliyenifundisha hivyo ni Odhis, fundi wa Olympic, pale ukingoni mwa Kibera. Alianza maisha kwa kurekebisha taipureta, na taipureta zilipoanza kutupwa akahamia kompyuta bila kubadilisha bisibisi. Kazi yangu ya kwanza ya tovuti ilikuwa ya seremala mmoja wa Kawangware aliyetaka vitanda vyake vionekane ng'ambo. Nilivipanga vizuri, picha baada ya picha, nikamwita aone. Akafurahi, akaniletea soda. Siku iliyofuata alikwenda saiba, duka la kulipia intaneti, na shemeji yake, akarudi amenuna.

"Wewe dada, vitanda vyangu viko wapi?"

"Si viko pale?"

"Pale kuna masanduku matupu, kila moja na alama nyekundu ya kukosa. Shemeji ananiuliza siku hizi nauza majeneza ama nini."

Picha zilikuwa kwenye kompyuta yangu, na nilikuwa nimeuambia ukurasa uzitafute hapo hapo kwenye kompyuta yangu. Kwa hiyo mimi nikiufungua, naona kila kitu. Dunia nzima ikiufungua, haioni chochote. Odhis alicheka mpaka akaweka bisibisi chini.

"Nafula," akasema, "kioo chako ni kama mama yako. Kazi yake ni kukusifu tu."

Halafu akakumbuka kwamba mama yangu alishafariki. Akaenda kuniwekea chai.

Watu wangu wa karibu husema nina roho ya kushuku. Sibishi. Ila sikuianzia kwenye kompyuta. Niliianzia jikoni kwetu Bungoma, siku tuliyomzika baba, miezi michache baada ya mama. Mimi ni kifungua mimba. Nyuma yangu kuna wavulana wawili, Simiyu na Wanjala, na wa mwisho ni Nekesa, ambaye wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Jamaa zetu walikaa kwenye hema la matanga wakatugawana. Niliwasikia nikisugua sufuria. Simiyu aende kwa baba mdogo akachunge ng'ombe. Wanjala aende kwa mjomba. Nekesa achukuliwe na shangazi asiye na mtoto. Mimi nitafutiwe mume. Walisema yote kwa sauti ya upole kabisa, na kila aliyepita jikoni alitupapasa vichwa. Tangu siku hiyo, mtu akimtabasamia mtoto kupita kiasi, mimi huangalia mikono yake inafanya nini.

Nilitoka jikoni na mikono yenye majivu nikawaambia hatugawanywi. Baba mdogo akauliza nani atatulisha. Nikasema mimi. Nilikuwa kidato cha pili, na shuleni sikurudi. Tulirudi Nairobi kwenye chumba kile kile walichopanga wazazi, huko Kabiro, Kawangware, nikapata kazi kwenye duka la kupiga chapa. Barua za kuomba kazi, kadi za arusi, kadi za matanga. Nilikuwa nawapigia watu chapa vyeti vya sifa ambazo mimi sikuwa nazo, na makosa yao ya Kiingereza nikiyarekebisha kimyakimya.

Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni, mwenye duka alinunua kompyuta, akaogopa kuigusa. Nikaigusa mimi. Modemu ya kuingilia intaneti kwa simu hatukuwa nayo, kwa hiyo Jumamosi nilikuwa nashuka mpaka kwa Odhis, ambaye alikuwa na moja iliyolia kama paka aliyekanyagwa mkia kila ilipopiga simu. Chuo changu kilikuwa menyu moja tu. Kila ukurasa wa mtandao una mlango wa nyuma: unachagua pale juu, unaonyeshwa maandishi yaliyoutengeneza, kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Mlango huo hauna kufuli. Nilikuwa nafungua ukurasa wa watu, nahifadhi maandishi yake kwenye disketi, Odhis anakata simu haraka, halafu narudi Kabiro kuyasoma polepole kama mtu anayefumua sweta ajue limefumwaje.

Na disketi zenyewe nilizishuku. Disketi ya mtu ilikuwa kama mswaki wake. Wateja walikuja nazo zimetoka kwenye kompyuta za ofisi, zimejaa virusi, wanakuambia ni barua moja tu, dada, isukume haraka. Sikusukuma. Nilizichunguza kwanza, na waliokasirika nikawapa kiti wakakasirike wakiwa wamekaa.

Siku hizi naona mnatengeneza tovuti kwa simu, mkiwa mmelala. Mnachagua sura iliyokwisha kutengenezwa, mnabadilisha rangi, kazi imekwisha. Sina ugomvi na hilo. Baadaye nami nilifanya kazi za ofisi kubwa mjini, nikajifunza hifadhidata, nikajifunza mitambo iliyokuja na ile iliyoifukuza iliyokuja, mpaka macho yakachoka nikastaafu. Mashine zimebadilika mara nyingi kuliko watu. Anayetaka kutumia ukurasa wako vibaya leo ni yule yule wa zamani kabisa, na huyo ndiye ninayetaka mumjue.

Kule Kianda, mwendo mfupi kutoka kwa Odhis, kulikuwa na kikundi cha akina mama waliokuwa wakipikia watoto uji katika ukumbi wa mabati wa kanisa. Wengine walikuwa yatima, wengine wazazi wao walikuwa kazini mchana kutwa, na akina mama hawakuwa wanauliza nani ni nani. Ukija na kikombe unapewa. Nilianza kwenda kuwasaidia kwa kujitolea. Nilimchukua Nekesa, sasa msichana wa kama miaka kumi, tukatoka Kabiro kwa miguu, tukavuka Barabara ya Ngong na kuteremka. Yeye alikwenda kucheza na wenzake. Mimi nilikwenda kufundisha wasichana kupiga chapa kwenye kompyuta kuukuu ambayo Odhis aliifufua, na kila wiki ikafa tena.

Hapo ndipo alipotokea Bwana Kefa. Kijana wa tai, viatu vimeng'aa ingawa mitaro ya Kianda haikuwa na heshima kwa viatu vya mtu. Alisema ana marafiki ng'ambo wanaopenda watoto. Alisifu uji. Alisifu ukumbi. Alisifu hata kompyuta yetu, na siku hiyo ilikuwa imekufa. Akasema kikundi kisicho na tovuti hakijulikani, na kwamba ametafuta mtu wa kuitengeneza akakosa.

Akina mama wakanitazama mimi.

"Nafula anaweza," akasema Mama Achieng, mwenyekiti, aliyekuwa akikaanga samaki pale Olympic. "Lakini kwanza atuelezee. Hiyo intaneti inakaa wapi?"

"Kwa kompyuta kubwa, ng'ambo," nikasema.

"Kwa hivyo sura ya mtoto wangu inaenda ng'ambo bila pasipoti?"

"Inaonekana kila mahali, mama. Hapa na huko."

"Na nyumba?" akauliza Mama Nyaboke, fundi wa cherehani, bila kuinua macho kwenye vifungo alivyokuwa anashona. "Maana mara ya mwisho mtu amekuja hapa kupiga picha nyumba, aliyemfuata nyuma ni tingatinga."

Watu walicheka kicheko kifupi, kile cha kukubali. Nikaahidi nyumba hazitapigwa picha, wala njia, wala mlango wenye namba. Watoto watapigwa wakiwa na vikombe, ukutani, mahali pasipotambulika. Na chini ya kila picha tutaandika mtoto analelewa na nani, kwa maneno ya huyo anayemlea. Hilo la mwisho lilikuwa langu. Bwana Kefa aliniita kando.

"Sista, hiyo ya 'analelewa na nani' ungeitoa. Wafadhili hawasomi habari ya nyanya na shangazi. Inaharibu hadithi."

"Ndiyo hadithi yenyewe," nikamwambia.

Akatabasamu. Niliangalia mikono yake. Ilikuwa mfukoni.

Swali la mwisho kikaoni lilikuwa la Mama Vugutsa, aliyeuza mboga. Alitaka kujua nani anashika ufunguo wa hiyo tovuti. Nikasema kuna paswadi, na nitaishika mimi. Ukumbi ukapoa. Ni lazima mjue kwamba kikundi kile kilikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Mama Achieng alikuwa na ufunguo mmoja, Mama Nyaboke mmoja, Mama Vugutsa mmoja, na sanduku halikufunguliwa mpaka wote watatu wawe wamesimama mbele yake. Ndivyo vikundi vya akina mama vilivyolala usingizi. Sasa mimi, mtoto wa Kawangware, naja kuwaambia nitashika ufunguo peke yangu.

"Hapana, mwanangu," akasema Mama Vugutsa. "Hatukushuku. Lakini hapana."

Kwa hiyo paswadi yetu ikakatwa vipande vitatu. Kila mama alichagua kipande chake, akakikariri, hakumwambia mwenzake. Nilipotaka kupandisha ukurasa mtandaoni, nilikuwa nawakusanya wote watatu kwa Odhis. Mama Achieng anafika ananuka samaki, anaandika chake kwa kidole kimoja huku sisi wengine tumegeukia ukuta. Anafuata Mama Nyaboke. Mama Vugutsa anafika mwisho, amesahau chake, anaomba tusimame kimya akumbuke. Modemu inalia, simu inakula pesa, na Odhis amegeukia ukuta wa duka lake mwenyewe.

"Nimeona mabenki," akasema siku moja bila kugeuka. "Hii sijaona."

"Benki zingetuiga zisingeanguka," Mama Nyaboke akamjibu.

Mimi nilipenda utaratibu ule. Ulikuwa wa watu wanaoshuku kama mimi. Kubadilisha nukta moja ilikuwa kazi ya alasiri nzima, na hakuna aliyelalamika isipokuwa samaki.

Tovuti ilipokuwa tayari, nilifuata kanuni ya Odhis nikaenda kuitazama kwenye mashine ya watu, saiba moja kando ya Barabara ya Ngong. Saiba zilikuwa chache siku hizo. Nina tabia moja ambayo sitawashauri wala sitawakataza: nikikaa kwenye kompyuta ya watu, kabla ya kufanya lolote nafungua orodha ya kurasa zilizotembelewa, nijue aliyekaa hapo kabla yangu alikuwa mtu wa aina gani. Katika orodha ile nikaona jina la kikundi chetu. Nikashangaa, nikafurahi kidogo, nikabofya.

Rangi zilikuwa zangu. Mpangilio wangu. Watoto wetu na vikombe vyao. Lakini majina ya walezi hayakuwapo. Chini ya picha ya mvulana Otieno, ambaye nyanya yake alinitajia maneno ya kuandika mpaka nikachoka, palikuwa na sentensi moja ya Kiingereza. Mtoto huyu hana mtu duniani. Chini ya msichana anayefuata, sentensi ile ile. Nikateremka. Picha ya mwisho ilikuwa ya Nekesa, anacheka, uji kwenye kidevu. Hana mtu duniani. Anasubiri nyumba.

Nilikaa pale mpaka mwenye saiba akaniuliza kama mashine imeganda.

Nilikwenda Kianda moja kwa moja. Nikawakuta wale watatu ukumbini wakiosha sufuria, nikawaambia. Sikufikiria nasema nini. Mama Achieng aliacha sufuria.

"Nani amefungua bila mimi?"

"Mimi nitafunguaje bila nyinyi?" akasema Mama Nyaboke. "Ama umemwambia mumeo chako?"

"Mume wangu! Na wewe ambaye unaongea na cherehani?"

"Vugutsa, hata wewe sema," Mama Nyaboke akageuka. " Ulisahau chako, ukakiandika mahali."

"Niliandika wapi? Kwa sukuma wiki?"

Halafu wote wakanigeukia mimi. Mama Vugutsa ndiye aliyesema, tena kwa upole, kwa sauti ile ile ya hema la matanga.

"Lakini mwenye kujua hizo mashine ni wewe, mwanangu."

Ningekuwa wao ningesema vivyo hivyo. Na njiani kwenda Olympic nilikuwa nimeshapata mtu mwingine wa kushuku. Vipande vyote vitatu viliandikwa kwenye kibodi moja, dukani kwa mtu mmoja. Aliyenifundisha yote haya alikuwa anajua namna ya kuifanya kompyuta ikumbuke kilichoandikwa. Nilimkuta Odhis amefungua mashine tumbo. Nikamuuliza nikiwa mlangoni.

"Odhis, ni wewe?"

Nikamweleza. Hakukasirika. Alifuta mikono kwa tambara.

"Umeniuliza vizuri," akasema. "Ningekuwa wewe, hata mimi ningeuliza. Sasa niambie, uliangalia anwani?"

"Anwani gani?"

"Ya juu pale. Ulisoma umefungua nini, ama uliona picha ya mtoto macho yakapotea?"

Sikuwa nimesoma. Nilibofya kwenye orodha, sikuandika anwani mwenyewe. Tukaunganisha modemu, tukafungua yetu. Ilikuwa nzima. Otieno alikuwa na nyanya yake, Nekesa alikuwa na mimi. Tukafungua ile nyingine, na anwani yake ilikuwa ya mahali pengine kabisa. Hakuna aliyegusa kufuli yoyote. Mtu alikuwa amepita ule mlango wa nyuma wa kila ukurasa, ule nilioupitia mimi kwa miaka kujifunza kazi, akahifadhi maandishi yangu yote na picha zangu, akafuta walezi, akajenga nyumba inayofanana na yetu kwenye kiwanja chake. Chini kabisa, pale wafadhili wanapoambiwa wamwandikie nani, palikuwa na jina la Bwana Kefa.

Niliwarudia akina mama nikawaeleza kwamba sanduku halikufunguliwa. Mtu ametengeneza la pili, kalipaka rangi yetu. Hawakuombana msamaha. Mama Achieng alimpa Mama Nyaboke sufuria ya kufuta, na hiyo ilitosha.

Siku hiyo hiyo tukajua na mengine. Kefa alikuwa ameshamwambia Mama Achieng kwamba wageni wake watafika Jumamosi, na watachagua watoto wa kwanza kupelekwa kwenye kituo kizuri, mbali na Nairobi. Hakusema wapi. Mama Achieng alidhani wataulizwa walezi. Sasa tukaelewa kwa nini walezi walifutwa. Mtu asiye na mtu haombewi ruhusa.

Na kuna jambo lililonikata zaidi. Nekesa alikuwa ameshasikia habari za kituo, maana Kefa aliwaambia watoto. Tukiwa nyumbani Kabiro, wavulana wametandika godoro lao chini, akaniuliza, "Dada, ni kweli huko kila mtu analala kwa kitanda chake?"

"Nani amesema?"

"Bwana Kefa. Amesema kuna piano."

Nilimwambia alale. Sikuwa na kitanda cha kumpa wala piano. Nilichokuwa nacho ni lile neno hatugawanywi, nililosema na mikono yenye majivu, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama yeye naye angesema hivyo.

Sikulala vizuri mpaka Jumamosi. Nilitaka polisi. Odhis akauliza tutawaambia kosa gani, kunakili ukurasa? Nilitaka tumfungie Kefa nje. Mama Achieng akakataa.

"Wageni waje," akasema. "Wasalimiwe kama tunavyosalimia watu."

Hilo ndilo neno alilotoa, na wale wenyeji wa magharibi mwa Kenya walioko kikundini wakaanza kutabasamu. Mnajua mikutano ya kwetu. Mkutano hauanzi mpaka kila mtu asimame, aseme anaitwa nani, ametoka wapi, mama yake ni wa ukoo gani, na amekuja hapa kwa sababu gani. Wageni hawasemi mpaka wenyeji wamemaliza. Kwenye arusi nimeona chakula kikipoa mara mbili.

Wageni walikuwa mama mmoja wa makamo na mumewe, wazungu, wamechoka na jua. Kefa alikuwa kati yao kutafsiri. Ukumbi ulikuwa umejaa kiasi kwamba watu walisimama nje wakichungulia madirishani. Kefa alipouona umati, tabasamu lake likapungua upande mmoja.

"Mama, hawa wote ni wa nini?"

"Ni kujuana tu, mwanangu. Tafsiri."

Kefa akaita mtoto wa kwanza, Otieno. Akasimama nyanya yake, akasimulia tangu kuzaliwa kwa Otieno, na kuzaliwa kwa baba yake Otieno. Akasimama mjomba anayeshona viatu. Akasimama mwalimu wa kwaya. Akasimama jirani anayetumia nao mlango mmoja. Akasimama mke wa mwenye nyumba, akasema, "Huyu kijana amenivunjia dirisha zaidi ya mara moja. Msiniambie hana mtu, nikitaka kumshtaki huwa sikosi pa kwenda."

Kefa akawageukia wageni akasema kwa Kiingereza kwamba hawa ni majirani.

"Ngoja," akasema Mama Nyaboke. "Bibi amesema maneno mengi kuliko hayo. Mengine umeyaweka wapi?"

Ukumbi ukacheka. Yule mama mzungu akamwambia Kefa atafsiri yote. Akatafsiri, jasho likimtoka chini ya tai. Mtoto wa pili akaitwa, akasimamiwa na benchi zima. Wa tatu akasimamiwa na mama wa kambo, ambaye alikuja amevaa nguo ya arusi ili asidharauliwe. Jua lilikuwa limeshahama dirisha. Mwishowe mgeni akauliza, naye sauti yake ilikuwa imebadilika, ni yupi basi yule asiye na mtu.

Mama Achieng akasubiri tafsiri, akajibu, "Mwambie hata sisi tunamtafuta."

Ndipo Kefa, sijui kwa ukaidi au kwa kukosa la kufanya, akaita Nekesa.

Nilikuwa nimepanga maneno yangu. Simiyu na Wanjala walikuwa wamesimama kando yangu wamevaa mashati ya kanisa, na Odhis nyuma yetu na bisibisi bado mfukoni. Lakini kabla sijafungua mdomo, Nekesa akasimama mwenyewe kwenye benchi la watoto. Hakuna aliyemkataza, maana kujitambulisha ni haki ya kila mtu.

"Mimi naitwa Nekesa," akasema. "Mama alikufa, na baba. Nakaa Kabiro. Dada yangu ni yule. Anashuku watu sana. Ndugu zangu ni wale wawili wanaopigania shuka. Yule mwingine ni Odhis, si wa kwetu lakini huja." Akafikiri. "Nataka kuona piano. Lakini nataka kuiona halafu nirudi."

Kefa alitafsiri. Yule mama mzungu alimtazama Nekesa, halafu akamgeukia Kefa na kumtazama kwa muda ambao ukumbi wote uliuona. Wageni walikunywa uji, wakashukuru, wakaondoka na gari, na Kefa akaketi kiti cha nyuma peke yake. Hatukumwona tena Kianda. Hakuna mtoto aliyeondoka.

Ukurasa ule wa pili ulikaa mtandaoni kwa muda, kisha siku moja nikaufungua nikakuta hakuna kitu. Wale wageni sikujua kamwe kama walidanganywa au walijua tangu mwanzo wakakosa tu nafasi. Akina mama waliamini walidanganywa. Mimi nimeliacha wazi. Kwenye tovuti yetu tulitoa nyuso, tukaacha vikombe na mikono, na kuanzia hapo kazi yoyote ya kujitolea iliyoletwa kwangu yenye picha ya mtoto, niliuliza kwanza anayemlea yuko wapi, nizungumze naye. Wengi waliniona msumbufu. Baadhi hawakurudi, na hao ndio niliofurahi zaidi kutowaona.

Jumamosi ile tulipokuwa tunapanda kurudi Kawangware, wavulana wakiwa mbele, Nekesa alitembea nami mpaka Barabara ya Ngong. Tukasimama kungoja magari yapungue.

"Dada, kama kile kituo kingekuwa cha ukweli. Ungeniacha niende?"

Nilifikiri nimdanganye, nikaona hatadanganyika.

"Ningeenda kukiona kwanza."

"Na ukikuta ni kizuri?"

"Ningerudi kukiona tena, bila kuwaambia nakuja."

"Na ukikuta bado ni kizuri?"

Magari yalikuwa yamepungua, lakini sikuvuka.

"Basi ningekuuliza wewe," nikasema.

Akanitazama kwa makini, kama anayetafuta kitu nilichoficha. Halafu akanishika mkono, ingawa alikuwa ameshafika umri wa kuona aibu kushikwa mkono barabarani, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaangalia kulia tena, ndipo akanivusha.